Je, filamu inaweza kufanana na mchezo wa jukwaani?

SWALI: Ndugu wahariri, sisi ni kikundi cha maigizo hapa Bagamoyo. Tulichukua mchezo wetu wa jukwaani tukaurekodi kwa simu, ndani ya nyumba moja ya Mji Mkongwe. Baada ya kuuonyesha, wengine walisema bado ni mchezo wa jukwaani, wengine wakasema ni tamthilia ya runinga. Hakuna aliyesema ni sinema. Je, kosa letu ni kuweka hadithi yote chumba kimoja?

JIBU: Hapana, chumba hakina kosa. Filamu ya Sidney Lumet, 12 Angry Men (1957), karibu yote imo chumbani, tena hadithi yake iliandikwa kwanza kwa ajili ya runinga. Lumet alianza na kamera juu ya usawa wa macho, akaishusha kidogokidogo hadi dari ikaonekana, huku akitumia lenzi ndefu (zinazovuta vya mbali karibu) zaidi na zaidi, mpaka kuta zikawa kama zinawabana watu. Jukwaani huwezi kufanya hivyo.

Ujukwaa unakuja kamera inapokaa kwenye kiti cha mtazamaji: waigizaji wamejipanga mstari mmoja, vifua vyote upande mmoja, na stendi haihami mlangoni. Ingieni katikati yao. Mmoja akae mita moja kutoka kwenye lenzi, mwingine asimame nyuma kabisa, dirishani. Kisha rudieni tukio zima mkimrekodi anayesikiliza tu. Vikundi vingi husahau kipande hiki, na mara nyingi ndicho kinachobeba tukio. Mkihamisha kamera, bakini upande uleule wa mstari unaowaunganisha wazungumzaji wawili, la sivyo wataonekana wote wanatazama upande mmoja.

Sauti pia. Mwigizaji wa jukwaani hupaza ili mtu wa safu ya mwisho asikie. Maiki iliyobanwa kifuani, shubiri moja chini ya kidevu, inasikia hata mnong'ono. Kuta za mawe zilizopigwa chokaa hurudisha mwangwi, kwa hiyo tundikeni mablanketi mazito pasipoonekana na kamera. Mkeka peke yake ni mwembamba mno.

Uruninga una chanzo kingine, na kabla ya kuilaumu kazi yenu kagueni runinga mliyoonyeshea. Nyingi za kisasa zina mpangilio wa kulainisha mwendo, unaobuni fremu za ziada, yaani picha moja moja zinazounda mwendo. Hata sinema halisi hugeuka tamthilia. Uzimeni.

Baadaye rudini kwenye simu. Sinema imezoeleka kwa fremu 24 kwa sekunde. Ninyi wekeni 25, na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa za tyubu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde; shata ya 1/50 hubeba mizunguko miwili kamili, na picha haichezi. Mkiiachia simu ijiamulie, juani itapanda hadi 1/2000 na mwendo utakatakata. Kwa lenzi ya f/1.8 (upana wa tundu la mwanga) na ISO 50 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), jua la mchana linahitaji kichujio cheusi cha ND64, kinachopunguza mwanga mara 64.

Studio ya runinga yenye kamera tatu humwaga mwanga kila mahali ili kila kamera ipate picha. Ninyi mna moja: zimeni tyubu ya darini, mwanga uingie ubavuni kupitia dirishani.

Mwisho mswada. Tamthilia huandikwa ili hata aliye jikoni aifuate kwa masikio. Futeni kila "naona umekasirika" ambayo uso umekwisha kuisema.

SWALI: Na tukiweka mistari myeusi juu na chini?

JIBU: Haisaidii. Kwenye picha yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, umbo pana la sinema la 2.39 (upana mara 2.39 ya kimo) linabakiza kimo cha nukta kama 803, na vichwa vitakatwa. Kama mnalitaka umbo hilo, bandikeni utepe kwenye skrini ya simu kabla ya kurekodi, mpange watu ndani yake.