Kutoka Embakasi ni kilomita ngapi?

*Nairobi hadi Mombasa kwa ndege ni mbali kiasi gani, na ni dakika ngapi? (Msomaji, Rongai)*

Kilomita 420 na ushei, kiwanja hadi kiwanja, kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara zinakaribia 490. Ndege hukaa hewani kama dakika 45, ila tiketi itakuandikia saa nzima, kwa sababu wenye ndege huhesabu tangu inaposukumwa kutoka mlangoni hadi inapoegeshwa kule uwanja wa Moi, Mombasa. Najua mtagawanya 420 kwa kilomita 800 kwa saa, mpate nusu saa, kisha mniandikie kulalamika. Safari fupi hivi, ndege haipati nafasi ya kukimbia: ikimaliza kupanda, inaanza kushuka.

Na wewe wa Rongai, dakika 45 zinakusaidia nini? Ndege ya saa mbili asubuhi inakutoa kitandani saa tisa usiku. Pale kwenye ukaguzi wa uwanja wa JKIA, Embakasi, abiria wote mnashuka garini, mnapita kwa miguu kwenye mashine, mshipi mkononi, huku dereva akiwangoja upande wa pili. Mlangoni foleni nyingine. Ukitua, malori ya Changamwe yanakusubiri. Anayekwenda Diani aulize kwanza ndege za Ukunda, kiwanja cha jirani na Diani, aepuke kuvuka feri ya Likoni na masanduku. Mimi nikiwa sina haraka napanda treni Syokimau.

*Tiketi yangu ya Kigali inaonyesha dakika 25 tu. Nimetapeliwa? (Umoja)*

Hapana. Saa za Kigali ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Saa za kwenye tiketi ni za mji husika, kila mji na zake. Nimelijibu hili mara ngapi?

*Mbona kwenda New York ni saa 15 na kurudi ni 14? Njia si ni ile ile? (Ruaka)*

Swali zuri, hatimaye. Ni karibu kilomita 11,850, na ndege ya moja kwa moja ilianza Oktoba 2018. Juu kule, hasa kaskazini mwa Atlantiki, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unapigana nao, ukirudi unakusukuma. Usipange mkutano wa asubuhi siku unayotua, hata bosi akisema nini.

*Ndege yetu ni Jumanne 00:30. Tufike uwanjani Jumanne saa ngapi? (Kitengela)*

Jumanne mtakuwa mmeshaachwa! Hiyo ni saa sita na nusu usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Jumatatu saa tatu usiku muwe mmeshafika. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuondoka, na hapo machozi hayasaidii. Kila Desemba kuna familia nzima inayofika na masanduku siku moja baada ya ndege yao kuondoka.

*Lamu ninashukia wapi? (South B)*

Manda, kisiwa jirani na Lamu. Unamalizia kwa boti, kwa hiyo beba begi utakaloliinua mwenyewe. Na kabla hujaita teksi, soma tiketi: unaondokea uwanja wa Wilson au JKIA? Wilson iko Lang'ata Road, karibu na kwako. Ukikosea, jam ya Mombasa Road haitakurudisha kwa wakati.

*Dubai ni mwendo wa saa ngapi? (Wengi mno)*

Tano hivi.