S10e siyo moja: soma herufi ya mwisho kabla hujatoa hela

Nina viganja vidogo. Simu za siku hizi nikizishika kwa mkono mmoja, kidole gumba hakifiki hata katikati ya kioo, na kazi yangu hainipi mikono miwili: nauza visheti na kababu hapa Ngamiani, Tanga, mkono mmoja muda wote uko kwenye karai. Ndiyo maana nikaipenda Samsung Galaxy S10e. Ni ya 2019, kweli, lakini ina kioo cha inchi 5.8, gramu 150, alama ya kidole inasomwa ubavuni kwenye kitufe cha kuwashia, na tundu la kuchomeka iafoni bado lipo. Inaingia kwenye mfuko wa dera na dera halivutiki upande.

Ya kwanza niliinunua kwa kijana mmoja anayeuza simu za mtumba. Nikamuuliza, "Inaingia laini mbili?" Akanijibu huku macho yake yako barabarani, "Dada, S10e zote laini mbili." Nikahesabu laki mbili na themanini nikampa.

Nyumbani nikachomoa trei kwa pini ya ushungi. Kuna nafasi ya laini moja, na ya memori kadi. Basi. Sasa wateja wangu wananilipa kwa M-Pesa, na mama yangu Pangani pamoja na ukoo wake mzima wako Airtel. Kubaki na laini moja ni kama kupanda baiskeli yenye pedeli moja: utafika, ila watu watakuangalia.

Nikarudi kwake. "Hiyo ni trei tu, dada. Nunua ya laini mbili." Nikanunua, elfu tano. Iliingia sawasawa, hata rangi ilifanana. Laini ya pili haikusomwa. Nikazima, nikawasha, nikaipangusa laini kwa ncha ya khanga, nikapiga bismillahi nikairudisha. Wapi!

Aliyenifumbua macho ni fundi wa Barabara ya Nane. Hakuifungua hata skrubu. Aliingia Mipangilio, akashuka mpaka Kuhusu simu, akanielekezea kidole: SM-G970U. "Hiyo U ni ya Marekani, shangazi. Imetoka kiwandani na laini moja. Trei haiwezi kuizalia ya pili."

Kwa hiyo ukiitaka simu hii, jina la S10e liweke pembeni, soma kinachofuata baada ya 970. F ndiyo iliyouzwa Ulaya na Afrika, na ikiwa na /DS mbele yake ni ya laini mbili. U ni ya mitandao ya Marekani, U1 ni ya Marekani pia lakini haikufungwa kwenye mtandao mmoja wa simu, W ni ya Kanada. N ni ya Korea, nayo laini moja. Kuna na G9700 ya China na Hong Kong, hiyo ina laini mbili. Usisome maandishi ya mgongoni, mfuniko wa nyuma hubadilishwa kama kava. Soma ndani ya Mipangilio, kisha bonyeza *#06#: zikitokea IMEI mbili, yaani namba za utambulisho wa simu, ni ya laini mbili. IMEI hiyo itume kwa meseji kwenda 15090 uone kama simu inatambulika. Halafu chomeka laini yako mwenyewe, piga, mtu apokee, ndipo utoe hela. Simu iliyofungwa mtandao itakuomba namba za kufungulia hapohapo mbele ya muuzaji, na hapo utamwona rangi yake.

Tofauti haziishii kwenye laini. F na N zina prosesa, yaani ubongo wa simu, ya Exynos 9820, za Marekani, Kanada na China zina Snapdragon 855. Nimetumia zote mbili, na inaniuma kusema: ile U iliyonikera ilikaa na chaji kuliko F/DS niliyonayo sasa, na haikuwa ikipata moto nikiwa hewani muda mrefu. Betri ni ya mAh 3100 tu, ndogo, na ya mtumba imeshachoka. Tenga hela ya betri mpya mapema.

Mdogo wangu yeye aliangukia N. Kamera za simu za Korea hulia kila ukipiga picha hata ukiweka kimya, ndivyo zinavyotengenezwa kwa soko la kwao. Hakulijua hilo mpaka siku ya maulidi, watu wametulia wanasikiliza, yeye nyuma ka-chaa, ka-chaa. Shehe alinyamaza akamtazama.

Na ile sifa ya Samsung kwamba simu hii inahimili kuzama majini mita moja na nusu kwa nusu saa ni ya maji yasiyo na chumvi na ya simu ambayo fundi hajaigusa. Usiende nayo kuogelea Raskazone.

F/DS yangu nayo inanibana kidogo: nafasi ya laini ya pili ndiyo hiyohiyo ya memori kadi, uchague moja. Nimechagua laini, picha za oda zinabanana humohumo kwenye GB 128. Ile U nilimuuzia mpwa wangu kwa hasara, nikamweleza kila kitu kwanza. Yeye ana laini moja tangu azaliwe, hakujali. Trei ya elfu tano aliikataa, ipo kabatini kwenye kikopo cha vifungo.