Bolti za flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini): kurudisha za zamani au kununua mpya?

Nunua mpya, hasa kama maelekezo ya injini yanataka zikazwe kwa torki (nguvu ya kukaza inayopimwa kwa spana maalum) kisha zizungushwe digrii zaidi, mfano 90. Bolti hizo huvutika zikikazwa, na ikishavutika mara moja haibani tena ilivyobana mwanzo.

Bolti za kufunga giaboksi kwenye injini unaweza kurudisha kama nyuzi ni nzima. Soma namba ya ugumu kichwani: palipokuwa na 10.9 usiweke 8.8, ni dhaifu zaidi. Angalia pia nafasi kati ya uzi na uzi, maana bolti za M10 (unene wa milimita 10) zipo za milimita 1.25 na za 1.5, na kwa macho ni mapacha. Anza kwa vidole, zunguka angalau mara tatu. Ikigoma hapo, toa, si yake. Ukiilazimisha kwa spana umeshaua nyuzi za bloku (mwili wa injini).

Usiivute giaboksi kwa bolti. Isukume kwa mkono mpaka ikutane na bloku. Ikibaki pengo kuna kitu hakijakaa, na ukivuta kwa bolti, sikio la alumini la giaboksi, pale bolti inapopita, litapasuka. Kaza kimsalaba kwa awamu. Oili kwenye nyuzi? Pale tu ilipotajwa, kwa sababu torki ileile juu ya nyuzi zenye oili huvuta bolti zaidi.