Barabara ya msitu namba 151, Flagstaff: gari la kawaida na kulala nje ya kambi rasmi

Ndugu uliyeuliza kama familia yako inaweza kutoka Phoenix, ikalala msituni karibu na mji wa Flagstaff, jimboni Arizona, Marekani, bila kulipia kiwanja cha kambi, na kama gari lisilo la 4x4 (lisiloendeshwa na magurudumu yote manne) litafika: jibu langu ni ndiyo kwa yote mawili, ilimradi ardhi iwe kavu. Mimi na mke wangu tumekuwa tukienda huko tangu watoto wetu wakiwa wadogo, na wanaoanza huwa nawaelekeza barabara ya msitu namba 151, inayokatiza uwanda wa nyasi wa Hart Prairie, magharibi ya milima ya San Francisco, ndani ya Msitu wa Taifa wa Coconino. Ncha zake zote mbili zinaungana na barabara kuu ya 180, kwa hiyo mtaingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili.

Ni njia ya udongo na changarawe, yenye mawe hapa na pale, na mwendo wa kilomita 20 kwa saa unatosha kabisa. Mkipunguza upepo wa matairi kidogo mtikisiko utapungua, ila bebeni pampu ya kuurudishia kabla ya kukanyaga lami. Kinachokwamisha watu huko ni mvua. Kati ya Julai na Septemba mvua za radi hunyesha mara nyingi mchana, na udongo hugeuka tope linalonata kiasi kwamba gari linaweza kukwama hata mahali tambarare. Na likifanikiwa kupita, linaacha mifereji inayokauka na kumtesa kila anayefuata. Mkikuta barabara imelowa, laleni kwingine, mwingie kesho yake baada ya jua kuikausha.

Ruhusa ya kulala bure ina mipaka. Idara ya Misitu ya Marekani hutoa, bila malipo, ramani ya njia zinazoruhusiwa magari, na njia isiyoonekana kwenye ramani hiyo ni marufuku hata kama ina alama mpya za matairi. Kwa kawaida gari haliruhusiwi kuiacha barabara kwa zaidi ya futi 30, yaani kama mita 9, isipokuwa pale ramani ilipoonyesha ukanda wa kambi, ambako kikomo ni futi 300, yaani kama mita 90. Zipo pia sehemu karibu na mji zilizofungwa kwa kambi, na muda wa kukaa hauzidi siku 14 katika siku 30. Tafuteni mahali palipokwisha kutumiwa na wengine, msilale nyasi mpya. Sheria ya Arizona inakataza vilevile kupiga kambi ndani ya robo maili ya bwawa au birika la maji kwa namna inayowazuia wanyama kunywa, jambo ambalo wageni wengi hawalijui.

Sasa moto, na hapa nawasihi. Mei na Juni msitu ule wa misonobari hukauka sana, na vizuizi vya moto vikitangazwa, moto wa kuni hauruhusiwi kabisa nje ya kambi rasmi, ingawa jiko la gesi lenye swichi ya kuzimia huruhusiwa kwa kawaida. Juni 2022 moto ulioitwa Pipeline uliteketeza zaidi ya ekari 26,000 kaskazini mwa Flagstaff, na uchunguzi ulimhusisha mtu aliyekuwa amepiga kambi, aliyekiri kwamba alichoma karatasi yake ya chooni na kuiweka chini ya jiwe. Mvua zilipokuja, mafuriko yalishuka kutoka miteremko iliyoungua hadi kwenye makazi ya watu. Kwa hiyo karatasi za chooni msizichome kamwe. Zifungeni kwenye mfuko mrudi nazo, na kinyesi kifukiwe kwenye shimo la kina cha inchi 6 hadi 8, mbali na maji. Kabla ya kuondoka nyumbani, pigeni simu ofisi ya msitu muulize hali ya vizuizi siku hiyo.

Maji bebeni yote kutoka mjini, pamoja na blanketi nzito, kwa kuwa mtakuwa zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mkitaka kuona majani ya miti ya aspeni yakigeuka manjano, nendeni mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, lakini iwe katikati ya wiki, maana Jumamosi za msimu huo magari husongamana na nafasi nzuri hujaa mapema.