Usiulize "Kwenu kuna mlevi?"

Kama unaandaa utafiti kuhusu vijana na pombe, swali hilo lifute kwenye dodoso lako. Nililizungusha vijijini huko Moshi nikiwa msaidizi wa utafiti, nikarudi na "hapana" kurasa kwa kurasa. Mlevi ni tusi. Nani amtukane baba yake mbele ya mgeni mwenye kishikwambi?

Aliyenizindua ni kijana wa miaka 17. Alijibu kwamba baba hanywi. Baadaye, tukisubiri mvua ikatike, akasema, "Aliyenizaa alikufa kwa gongo. Huyu ni baba mdogo, ndiye aliyenilea." Hakuwa amedanganya, mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Mmoja kamwachia damu, mwingine malezi. Ukiwachanganya, hujui tena unapima urithi au mazingira.

Siku hizi nachora mti wa ukoo. Mtafiti Mann na wenzake walichapisha dodoso la namna hiyo mwaka 1985: kila ndugu anawekwa peke yake kwenye kundi lake, yaani hajawahi kunywa, mnywaji wa kawaida, huenda ana tatizo, au ana tatizo dhahiri. Kwa Kiswahili taja mama mzazi, mjomba, shangazi, babu mzaa mama. Neno "ndugu" nimelipiga marufuku kwenye maswali yangu, maana hata binamu wa mbali yumo. "Sijui" nayo ipewe kisanduku chake, isitupwe kwenye "hapana".

Halafu uliza vitendo. Uchagani mbege hainywewi kwa kujificha, iko harusini na msibani, kwa hiyo "anakunywa?" haikuambii kitu. Amewahi kufukuzwa kazi kwa ajili ya pombe? Kulazwa? Kupiga watu nyumbani? Hata hapo, "ndiyo" ya kijana iamini kuliko "hapana" yake. Mengi ya wakubwa hufichwa watoto.

Muda ukibana, lipo dodoso fupi liitwalo CAST-6: maswali sita juu ya wazazi tu, na "ndiyo" tatu zinatosha kukushtua. Mjomba humpati humo.

Kwa walio chini ya miaka 18 utahitaji ridhaa ya mzazi, na mzazi mwenyewe ndiye anayeulizwa habari zake! Fomu usimpe kijana aipeleke. Nenda mwenyewe, ueleze ana kwa ana, na uende asubuhi. Mimi niliwahi kurudishiwa moja iliyochanwa katikati, ikaungwa kwa selotepu, sahihi ya mama ikiwa chini.