Baiskeli mbili, mwendeshaji mmoja: kwa wanaoanza mbio za uwanjani na za barabarani

Mwendesha baiskeli mchanga mara nyingi huambiwa achague mapema kati ya velodromu, yaani uwanja wa mbio za baiskeli, na barabara, na mimi naona ushauri huo humnyima nusu ya elimu yake. Bradley Wiggins alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio za kukimbizana, ambazo wapinzani huanza pande mbili za uwanja, mwaka 2004 na 2008, akashinda Tour de France mwaka 2012, kisha akarudi uwanjani na kupata dhahabu nyingine pamoja na timu yake ya watu wanne huko Rio de Janeiro mwaka 2016. Marianne Vos alishinda mbio za pointi Beijing mwaka 2008, na miaka minne baadaye akashinda mbio za barabarani London. Unaweza kuzimudu zote mbili, mradi katika kila kipindi cha mwaka ujue ni baiskeli ipi inayotawala mazoezi yako.

Baiskeli ya uwanjani haina breki wala friwili (kifaa kinachoruhusu gurudumu kuzunguka bila kukanyaga), na ina gia moja tu, kwa hiyo gurudumu la nyuma likizunguka, miguu nayo haina budi kuzunguka. Katika mzunguko wa mita 250, wenye kona zilizoinuka kwa zaidi ya nyuzi 40, utajifunza kukanyaga kwa wepesi na kukaa karibu sana na gurudumu la mwenzako bila kuyumba, ujuzi ambao utakufaa kila mara kundi la barabarani litakapobanana kuelekea mstari wa mwisho.

Ugumu uko katika kuhama. Mwaka mmoja nilirudi uwanjani baada ya miezi saba ya barabara, na siku hiyohiyo nikajiunga na wenzangu katika mazoezi ya kasi. Nilipomaliza zamu yangu ya mbele, miguu ilifanya ilivyozoea barabarani: ikaacha kukanyaga. Pedali zikaninyanyua kutoka kwenye siti, nikaanguka na kumwangusha mwenzangu aliyekuwa nyuma, na mtulinga wangu ukavunjika. Yeye hakuwa na kosa lolote, na hilo liliniuma kuliko mfupa. Tangu wakati huo, kila ninaporudi uwanjani, siku za mwanzo huendesha peke yangu chini, karibu na mstari mweusi wa ukingo wa ndani, hadi miguu ikumbuke kwamba haina ruhusa ya kupumzika.

Barabara nayo hukupa pumzi ya kudumu. Omniamu, shindano la uwanjani, ina mbio nne ndani ya siku moja, na ya mwisho ni ya pointi, ambapo kila baada ya mizunguko 10 wanne wa kwanza hupata pointi 5, 3, 2 na 1, na anayewapita wenzake kwa mzunguko mzima hupata 20. Aliyejenga mwili kwa saa nyingi za barabarani bado ana nguvu za kujaribu kuupata mzunguko huo jioni, wakati mwenye kasi tupu amekwisha. Lakini usijaribu kufanya safari ndefu na mazoezi makali ya kasi kwa uzito uleule katika mwezi mmoja, kwa sababu uchovu wa moja huharibu ubora wa nyingine.

Kabla ya kutia saini mkataba, kumbuka kwamba kwa kawaida anayekulipa mshahara ni timu ya barabarani, ilhali anayekuteua kwa mashindano makubwa ya uwanjani ni shirikisho la nchi yako, na kalenda zao hugongana. Omba siku za uwanjani ziandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Ahadi ya mdomo husahaulika meneja anapobadilika. Tena, ukishaingizwa katika orodha ya wanaopimwa dawa zilizopigwa marufuku michezoni nje ya mashindano, utatakiwa kutaja kwa kila siku saa moja na mahali utakapopatikana, na makosa matatu ndani ya miezi 12 yanaweza kukufungia. Anayehama kati ya kambi mbili husahau jambo hili kwa urahisi, kwa hiyo badilisha anwani yako kabla hujafunga begi.