Outlook inakataa paswedi mpya na sanduku la idara linasema huna ruhusa

Waalaykum salaam, dada yangu wa Wete. Umesema ofisi ilikutaka ubadilishe paswedi, na tokea hapo Outlook ya kazini, ile programu ya barua pepe, inakuuliza paswedi kila mara na ukiiandika inaikataa. Tena sanduku la barua la idara, mnalolitumia pamoja, linakwambia huna ruhusa. Hizi ni kompyuta ninazozihudumia Unguja na Pemba, na nakwambia hayo ni maradhi mawili, kila moja na dawa yake.

Kwanza fungua barua pepe yako kwa kivinjari kama Chrome au Edge, si kwa Outlook. Ikifunguka, paswedi ni sahihi na tatizo limo ndani ya kompyuta. Ikikataa na huko, hata ukiifuta Outlook ukaiweka upya hutopata kitu, muone msimamizi wa mfumo. Inaniuma kuona mtu anapakia kompyuta kwenye boti kwenda kuifomati Unguja, anarudi na mafaili yamepotea, kwa jambo ambalo kivinjari kingelibainisha papo hapo.

Ikiwa kivinjari kinafungua, Windows huenda bado inashikilia paswedi ya zamani. Ingia Control Panel, halafu Credential Manager. Ondoa mistari yote yenye jina la Office, Outlook au anwani yako. Usiogope, barua hazikai humo. Funga Outlook, ifungue tena, uandike paswedi mpya.

Halafu tazama simu, na hapa ndipo wengi hawaangalii. Simu yenye paswedi ya zamani hujaribu kuingia kimya kimya, na majaribio yakizidi mfumo unaweza kuifunga akaunti. Wewe unaandika sahihi kwenye kompyuta na bado unakataliwa. Kuna mama mmoja Chake Chake, msimamizi akimfungulia akaunti asubuhi, kabla ya adhuhuri imeshafungwa. Kompyuta tuliikagua yote, haina kitu. Kumbe nyumbani kuna tableti yake ya zamani wanayochezea watoto, na kila ikipata Wi-Fi inabisha hodi na paswedi ya mwaka uliopita. Tuliiondoa akaunti kwenye tableti na tatizo likaisha siku hiyo hiyo.

Saa nayo itazame. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya CR2032 imekufa, umeme ukikatika hurudi tarehe za nyuma, na hapo vyeti vya usalama vya mtandao havikubaliki na Outlook inashindwa kuunganika. Kwenye orodha ya majira ya Windows hutoiona Zanzibar wala Dar es Salaam. Chagua Nairobi, UTC+03:00.

Kama Outlook yenyewe ni ya 2010, usijichoshe. Oktoba 2022 Microsoft ilianza kuzima njia ya zamani ya kuingia kwenye Exchange Online, huduma yake ya barua pepe za ofisi, na toleo hilo la Outlook haliijui njia mpya. Litakuuliza paswedi mpaka kesho.

Sasa sanduku la idara. Hapo paswedi haihusiki kabisa, na wala usikubali mwenzako akupe yake. Ruhusa anaitoa msimamizi, na unazozihitaji ni mbili: Full Access ya kufungua na kusoma, na Send As ya kutuma kwa jina la idara. Ukipewa ya kwanza peke yake, barua utazisoma lakini utakazotuma kwa jina la idara zitarudi. Basi muombe zote mbili kwa majina hayo hayo, umtajie anwani kamili ya sanduku. Akishaweka, usitegemee ifanye kazi dakika ile ile, inaweza kuchukua saa nzima. Subiri, kisha funga Outlook na uifungue upya.

Ikigoma baada ya hapo, niandikie maneno ya kosa kama yalivyo kwenye skrini, na Outlook yako ni ya mwaka gani.